Jibu: Mama ana mzio wa dagaa, je, achomwe dawa ya kipimo cha figo?

Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Umeuliza kama mama, ambaye dagaa wa soko la Mwaloni humtoa vipele, anaweza kuchomwa dawa ya kontrasti (ya kufanya viungo vionekane vizuri kwenye picha) kwenye CT ya figo, yaani kipimo cha picha za mionzi. Hofu hii imeenea sana huku Mwanza: samaki ana iodini, dawa ina iodini, basi ni yale yale. Sivyo. Mzio wa samaki hutokana na protini zake. Hata chumvi ya madini joto anayopikia kila siku ina iodini.

La kuuliza ni hili: alishawahi kuchomwa dawa hiyo akavimba uso au kubanwa pumzi? Ana pumu? Amwambie daktari mapema, maana anaweza kubadilishiwa dawa au kupewa ya kukinga saa kadhaa kabla. Na kama wanatafuta mawe ya figo tu, CT bila dawa huyaonyesha vizuri.

Mimi nilipochomwa nilisikia joto likishuka mpaka kibofuni, kama vile mkojo umetoka. Hilo ni kawaida, hupita haraka. Lakini akiwashwa koo au akitoka vipele, aseme papo hapo. Wala msikimbilie daladala ya Igoma. Kaeni nusu saa pale pale, mzio mkali mara nyingi hujitokeza ndani ya muda huo.