Jibu: Sinki la bafuni linavuja chini ya nati hata baada ya kukazwa

Ndugu mleta uzi, umeeleza kwamba fundi amekufungia kitoleo kipya cha maji (kile kipande cha tundu la chini maji yanapotokea) kwenye sinki la kunawia, amekaza nati tena na tena, maji bado yanadondoka, na sasa unataka kununua sinki jingine. Nakuomba usinunue kwanza. Nimefunga vitoleo vya aina hiyo kwangu na kwa ndugu zangu, na mara nyingi tatizo hili halitokani na nati kulegea bali na nyuzi za kitoleo chenyewe (ile mikato ya mzunguko ambayo nati hujifungia).

Tazama ndani ya sinki: kama lina tundu dogo karibu na ukingo wa juu, lile la kuzuia maji yasifurike, basi ndani ya kauri umejificha mfereji unaoshuka hadi kwenye kitoleo. Ndiyo maana kitoleo chake kina vidirisha pembeni, ili maji ya mfereji huo yapate pa kuingilia. Sasa maji yanayofika hapo hutuama juu ya washa ya chini (pete ya mpira au plastiki ya kuzibia), kisha huteremka polepole kwa kufuata mizunguko ya nyuzi, yakapita ndani ya nati na kutokea chini yake. Washa huziba baina ya nati na kauri. Mara nyingi nyuzi haizizibi. Ukizidi kukaza, washa itabinyika na kuchomoka pembeni, au kauri itapata ufa, na hapo ndipo sinki jipya litakuwa halikwepeki.

Fungua upya, ukwangue silikoni ya zamani, ukaushe kabisa. Chini ya kichwa cha kitoleo paka silikoni, ukishushe huku vidirisha vikielekea kwenye mfereji. Kwa upande wa chini, zungushia nyuzi tepu nyeupe ya mafundi bomba kwa mwelekeo uleule wa kukazia nati, kuanzia pale washa itakapokaa, bila kuziba vidirisha, kisha paka silikoni kidogo juu ya washa kabla ya kuipandisha. Washa nene ya mpira yenye umbo la koni ni bora kuliko ile bapa ya plastiki. Kaza kwa mkono, mwenzako akishikilia kitoleo kwa juu kisizunguke, halafu umalizie kwa spana kidogo tu. Iache silikoni ikauke kwa saa 24.

Kuhusu harufu uliyoitaja, bomba lako la mikunjo linaingia sakafuni moja kwa moja, kwa hiyo hakuna maji yanayozuia hewa ya chemba. Funga trapu (kipande cha bomba cha kuzuia harufu) yenye umbo la chupa, inayobakiza maji yenye kina cha milimita 75 hivi. Dukani taja inchi 1¼, kwa sababu ya inchi 1½ kwa kawaida ni ya sinki la jikoni. Maungio ya trapu yana washa zake, hayahitaji tepu.

Mwisho, jaza sinki hadi maji yaingie kwenye tundu la juu, uyaachie yote kwa mkupuo, kisha pitisha karatasi kavu ya chooni kuizunguka nati. Ikilowa mahali nati inapokutana na kauri, washa haijakaa sawa. Ikilowa chini ya nati tu, bado ni nyuzi, na tepu iongezwe.