Kabla ya Dawa ya Nywele, Ulizia Moyo

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa mama mmoja ambaye mwanawe wa miezi 18 amebainika kuwa na projeria, ugonjwa adimu unaouzeesha mwili wa mtoto haraka. Aliniuliza nilimpaka mwanangu dawa gani ya nywele. Sikulala vizuri usiku ule, kwa kuwa swali hilohilo ndilo lililonizungusha hospitalini karibu miaka miwili.

Mwanangu alizaliwa kama watoto wengine. Kabla hajatimiza mwaka, uzito ulikwama, ngozi ya tumbo ikakakamaa na nywele zikaanza kubaki kwenye mto. Daktari wa kwanza alisema simlishi. Alilisema mbele ya foleni ya akina mama, na sikufichi, mama mwenzangu, nikikumbuka kalamu yake ilivyokuwa ikigonga meza, koo hunikauka hadi leo. Nilirudi nyumbani nikamlisha mpaka akatapika.

Kumbe halikuwa suala la chakula. Ugonjwa huu, unaobeba majina ya Hutchinson na Gilford, husababishwa na badiliko la herufi moja tu katika jeni ya LMNA, lililogunduliwa mwaka 2003. Karibu kila mara badiliko hilo huzuka lenyewe bila kurithiwa, kwa hiyo ukoo wa mume na ukoo wa mke waache kunyoosheana vidole. Mwili huanza kutengeneza protini mbovu iitwayo projerini, ambayo hunata kwenye ukuta wa kiini cha seli na kuuharibu. Misuli laini ya mishipa ya damu hupotea, mishipa hukakamaa, na mtoto mwenye akili za umri wake hubaki na mishipa ya mzee. Kolesteroli yaweza kuwa ya kawaida kabisa, na hapo ndipo nilipojidanganya: nilipoambiwa kipimo cha damu ni kizuri, nilidhani moyo nao ni mzima, nikarudi kwenye mafuta yangu ya nywele. Pasipo dawa, watoto hawa huishi wastani wa miaka 14 na nusu, na wengi huondolewa na moyo au kiharusi.

Sasa ana miaka 9. Mwezi uliopita alifanyiwa eko ya moyo, kipimo kinachoonyesha moyo kwenye skrini kwa mawimbi ya sauti. Alishtuka jeli baridi ilipomgusa kifuani, kisha akatulia akikazia macho skrini, akauliza, “Mama, mbona moyo wangu haupumziki?” Mtaalamu alicheka, halafu akanyamaza, kwa sababu majibu yalikuwa hayohayo: moyo unasukuma damu vizuri, lakini chumba cha chini cha kushoto hakilegei ipasavyo kuipokea damu inayoingia. Hiyo ndiyo hitilafu ya moyo inayoonekana zaidi katika projeria, nayo haionekani kwa kumtazama mtoto usoni.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, dai eko ya kwanza sasa, mtoto akiwa bado anacheza, ili miaka ijayo pawe na cha kulinganisha. Weka nakala mwenyewe. Mimi nina faili nene kuliko la hospitali, na najivunia. Shinikizo la damu lipimwe kwa mkanda wa saizi yake. Asikae na kiu. Aspirini ya kiwango kidogo hutumika, ila daktari ndiye apange dozi kwa uzito. Uliza pia kuhusu dawa ya projeria iitwayo lonafarnibu, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2020 kwa watoto kuanzia miezi 12. Huizuia protini ile kunata, na imeongeza maisha, ingawa haiponyi. Wangu alitapika na kuharisha majuma ya mwanzo. Nilimpa pamoja na chakula, nikashikilia. Wazazi tunaokata tamaa juma la pili tunawakosea watoto, nami nusura niwe mmoja wao.

Ama nywele, hakuna nilichopaka kilichozirudisha. Mtafutie kofia laini, maana ngozi ya kichwa ni nyembamba na huumia upesi. Kofia ya mwanangu ni nyekundu, kaichagua mwenyewe, na aligoma kuivua hata wakati wa eko.