Wiki nzima na herufi moja: ninavyowaanzishia watoto wa awali kusoma

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha darasa la awali hapa Moshi, niligawa penseli siku ya kwanza. Niliandika a ubaoni, nikawaambia watoto wa miaka mitano wajaze ukurasa. Siku ya tatu mama mmoja alinifuata getini kamshika mwanawe mkono, mtoto analia, hataki kuingia. "Mwalimu, anasema vidole vinamuuma." Maneno hayo sijayasahau, na ndiyo yaliyonifanya niupange upya mwanzo wa kusoma.

Siku hizi, watoto wakishazizoea irabu tano, wiki inayofuata nawapa konsonanti moja tu: m. Wazazi huona ni kidogo mno. Lakini hesabu mwenyewe. Kwa ma, me, mi, mo, mu na zile irabu, mtoto anasoma mama, mimi, mume, uma, mia, umia, maua. Kiswahili kimetujalia: herufi a inavyotamkwa hapa ndivyo inavyotamkwa kila mahali. Ukimrundikia mtoto herufi kumi kwa wiki moja, anakariri picha za herufi tu.

Jumatatu ni siku ya masikio. Hakuna kitabu, hakuna penseli. Tunatoka nje, na kama mawingu hayajashuka, tunauangalia mlima Kilimanjaro na kupiga kofi moja kwa kila silabi, tukianza na majina ya vilele vyake. Ki-bo, mawili. Ma-we-nzi, matatu. M-li-ma, matatu tena. Hapo kwenye mlima huwa natulia nao, maana m ile inasimama peke yake na inastahili kofi lake. Kisha nawaletea neno mbuni. Ndege yule mkubwa ni mbu-ni, makofi mawili. Mti wa kahawa ni m-bu-ni, matatu. Ubaoni yanaandikwa sawasawa, ila sikio linayatenganisha. Watoto ambao kwao kuna kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha kahawa hunyoosha mikono mpaka wanasimama, na nimeona hata wale wasiozungumza kabisa darasani wakipiga makofi yao bila kukosea.

Mtoto anayezungumza Kichaga na bibi yake nyumbani simkatazi hata siku moja. Sikio lililozoea kusikiliza hadithi kwa Kichaga ni hilohilo litakalosikiliza silabi za Kiswahili. Bibi aendelee kusimulia.

Jumanne ndipo herufi yenyewe inapoingia, na hapa nawaomba sana wazazi: fundisheni sauti kabla ya jina. Midomo ifumbwe, mmm, kama anayeonja mtori. Mtoto aliyefundishwa nyumbani kuiita "em" akifika kwenye ma anasema "em-a", na inanichukua siku kadhaa kumrudisha. Tunaichora kwa kijiti kwenye vumbi, tunaifinyanga kwa udongo, tunaipanga kwa maharage. Kuchambua maharage na kufinyanga vinaimarisha vile vidole ambavyo mimi nilivilazimisha kushika penseli kabla ya wakati wake.

Jumatano ndiyo siku ngumu. Herufi nimeziandika juu ya vizibo vya soda kwa kalamu ya wino mzito. Kizibo cha m kinasogezwa taratibu kuelekea cha a: mmmm... mmaaa... ma. Usiruke hatua hiyo ya kusogeza. Mtoto akitaja m, akanyamaza, kisha akataja a, bado hajaunganisha. Sauti isikatike katikati. Wengine hupata asubuhi hiyohiyo, wengine wiki tatu baadaye, na wote ni wazima.

Alhamisi tunahesabu kwa vizibo vilevile, tunarudia silabi, tunakunywa uji.

Ijumaa naanza kwa "Hadithi, hadithi!" nao wanaitikia "Hadithi njoo!" Nikimaliza, kila mtoto anachora alichokipenda na kuniambia sentensi moja. Naiandika chini ya picha vilevile alivyoitamka, hata kama ina makosa, kisha namsomea huku kidole kikipita juu ya maneno. Mtoto akiona maneno ya kinywa chake yamekaa kwenye karatasi, na kesho yake bado yapo, anaelewa kuandika ni kitu gani.

Siku hiyohiyo namwita mmoja mmoja anisomee. Neno mama peke yake halinitoshi, kwa sababu wengi wameshalikariri kwa kuliona. Nampa mimu, neno lisilo na maana yoyote. Akilisoma, najua anaunganisha sauti. Akishindwa, Jumatatu atakaa karibu nami, na wenzake hawaambiwi kwa nini.

Kwa mzazi aliye nyumbani, dakika kumi za jioni zinatosha. Mkiwa mnamenya ndizi, muulize: "Neno ndizi lina makofi mangapi?" Sokoni Mbuyuni muulize ni vitu gani vinaanza na mmm: mchicha, maharage, muhogo. Daftari linaweza kusubiri.

Wiki inayofuata naingiza t, na hapo wanapata mti, mto, mate, tamu, tatu. Herufi b na d naziachanisha kwa wiki nyingi, maana zinafanana kama mapacha waliogeuziana migongo, na mtoto akizichanganya mwanzoni, mara nyingi huingia nazo hivyohivyo darasa la kwanza.