Nimefiwa na binti yangu, nami ni mchoraji. Je, nitupe brashi?

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Mimi ni mchoraji, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Kazi nimeirithi kwa baba. Nimechora kila kinachonunuliwa: Mamba Muntu, yule mwanamke-samaki wa majini, Lumumba, treni, wanyama, hata Njia ya Msalaba ya kanisa moja. Mwaka jana binti yetu wa miaka sita alishikwa na malaria, damu ikapungua, pesa ya dawa tukaikopa, akatutoka. Ndiye aliyekuwa akinishikia kopo la rangi ya buluu. Vidole vyake vilikuwa na buluu hata shuleni. Kwenye kilio wajomba wa mke wangu walikuja na mtu wa maombi. Akasema mbele ya watu wote kwamba Mamba Muntu niliyekuwa nikimuuza amekuja kuchukua malipo yake, akasoma Kutoka 20 juu ya sanamu, akaagiza nichome kila kitu. Nilichoma picha nne. Brashi mke wangu alizificha. Tangu siku hiyo sijachora. Kusali nako nimeshindwa, maana mimi nilikuwa nasali nikichora. Nikipiga magoti maneno hayaji. Nataka kuchora uso wa mtoto wangu kabla sijausahau, lakini naambiwa kumchora marehemu ni kukiita kivuli chake. Na kuna mteja alikwisha kunipa avansi, pesa ya kutangulia, ya picha ya Mamba Muntu. Padri, mkono wangu ndio uliomuua? Nitupe brashi?

JIBU

Milele amina. Pole sana, ndugu yangu, wewe na mama wa mtoto.

Umeuliza mengi, lakini moja nalijibu kabla ya yote, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Hapana. Mkono wako haukumuua binti yako. Kilichomuua ni malaria. Ugonjwa huo huletwa na mbu, na duniani kote nchi yetu ya Kongo ni ya pili, baada ya Nigeria, kwa wingi wa watu wanaokufa nao. Watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi. Baba zao ni walimu, wachimbaji, askari, wauza makaa, na wengine ni watu wa maombi. Wengi wao hawajawahi kushika brashi maishani.

Wanafunzi wa Yesu nao walipiga hesabu ileile uliyopigiwa wewe. Walipomwona mtu kipofu tangu kuzaliwa, waliuliza nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake (Yohane 9). Bwana akalikataa swali lenyewe: si yeye, wala si wazazi wake. Siku nyingine akawakumbusha wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, akajibu mwenyewe kwamba sivyo (Luka 13). Basi mtu anayesimama katikati ya kilio na kumnyoshea kidole baba wa marehemu anasema neno ambalo Bwana alikwisha kulikataa. Nalisema hili kwa uchungu, maana si mara ya kwanza kulisikia mjini hapa, na kila mara anayetwishwa mzigo ni yule ambaye tayari amevunjika. Yesu alipofika kwenye kilio cha Lazaro hakutafuta wa kulaumiwa. Alilia.

Sasa hiyo Mamba Muntu. Sitajifanya siijui. Waliokulia Lubumbashi wanaikumbuka kwenye kuta za sebule za miaka ya 1970: mwanamke mweupe, nywele ndefu, kuanzia kiunoni ni samaki, ameketi kando ya maji na kioo na kichanuo, saa mkononi, mara nyingine na nyoka. Na hadithi yake tunaijua. Anayeokota kichanuo chake hutembelewa usiku, hupewa mali, hudaiwa siri, na mwisho hudaiwa mtu wa nyumbani mwake. Ni hadithi ya watu wanaomtazama tajiri wa ghafla na kujiuliza amelipa nini, na ndani yake mna onyo la kweli juu ya tamaa. Lakini hata kwa hadithi hiyo yenyewe, mashtaka yako hayasimami. Wewe ulipewa mali gani? Ulikopa pesa ya dawa ya mtoto.

Hata hivyo sitakuambia kwamba picha hiyo haina neno lolote. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba sanamu si kitu katika ulimwengu, halafu palepale akawaonya wasimkwaze ndugu ambaye dhamiri yake bado ni dhaifu (1 Wakorintho 8). Wako wanaoinunua Mamba Muntu kama pambo au ukumbusho wa nyumba ya wazazi wao. Wako pia wanaoitundika wakitumaini itawavutia pesa. Ukijua kwamba mnunuzi ni wa kundi hili la pili, usimchoree. Picha haitashuka ukutani kuja kukudai. Ubaya ni kwamba utakuwa umemsaidia ndugu yako kuliweka tumaini lake mahali pasipo na kitu. Kama uliwahi kufanya hivyo kwa kujua, ni jambo la kuungama, na likiungamwa limekwisha. Mungu hatumi mtu kuja kukamata mtoto kwa deni la baba. Katika 2 Wafalme 4 mdai anakuja kuwachukua watoto wawili wa mjane wawe watumwa. Mungu hakusimama upande wa mdai. Alilijaza mafuta chombo baada ya chombo mpaka deni likalipika na watoto wakabaki nyumbani.

Kuhusu Kutoka 20: amri ile inakataza kutengeneza sanamu za kusujudiwa. Ingekuwa inakataza kila mfano wa kiumbe, Mungu asingeagiza katika sura ya 25 yatengenezwe makerubi mawili ya dhahabu juu ya Sanduku la Agano. Endelea kusoma mpaka sura ya 31, na usome polepole, maana hapo ndipo penye kazi yako. Mungu anamtaja kwa jina Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, anasema amemjaza roho yake, hekima, akili na ujuzi wa kila kazi, ili afanye kazi ya dhahabu, ya fedha na ya shaba. Hapo anayesemewa maneno hayo si Musa nabii wala Haruni kuhani. Ni fundi. Halafu sura ya 32 Haruni anakusanya pete za masikio za watu na kutengeneza ndama. Na sura ya 35 watu walewale wanaleta tena pete za masikio, safari hii kwa ajili ya hema la Bwana, na Bezaleli anaingia kazini. Dhahabu ni ya aina ileile na moto ni uleule; kilichobadilika ni anayeabudiwa. Dhambi itafute hapo, usiitafute kwenye vidole vyako.

Watu wa mji huu wa shaba wangepaswa kulijua hili kuliko wengine. Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji iliyojulikana kama Hangar, akakataa kuwafundisha vijana kuiga picha za Ulaya. Mmoja wao, Bela, alichora kwa ncha za vidole, bila brashi. Pilipili Mulongoy alijaza picha zake ndege na samaki, na mimi siwezi kuzitazama bila kuikumbuka siku ya tano ya uumbaji, pale Mungu alipoyaambia maji yajae viumbe na ndege waruke juu ya nchi. Baadaye Tshibumba Kanda Matulu aliichora historia ya nchi nzima katika picha takriban 100, akitumia magunia ya unga kama turubai, mpaka alipotoweka mwaka 1981. Baba yako alirithi kutoka kwa watu wa namna hii, nawe umerithi kwake. Mtu wa maombi hana mamlaka ya kukunyang'anya alichokupa Mungu.

Lakini unasema huwezi kuchora wala kusali. Hapa nataka tukae kidogo, maana naona unajihukumu.

Mfalme Daudi alikuwa mshairi. Sauli na Yonathani walipouawa mlimani Gilboa, alirarua mavazi yake, akafunga mpaka jioni, kisha akatunga ombolezo na kuagiza wana wa Yuda wafundishwe (2 Samweli 1). Ni utungo wa ajabu, una milima inayonyimwa umande, una ngao, tai na simba. Miaka ikapita, akafiwa na Absalomu, mwana wa kumzaa mwenyewe. Hakutunga kitu. Alipanda kwenye chumba cha juu ya lango akilia, na Maandiko yametuhifadhia alichokuwa akisema: jina la mtoto mara tatu, neno "mwanangu" mara tano, na kutamani angekufa yeye badala yake. Basi. Sauli, aliyemwinda ili amuue, alipata kwake beti nzima nzima. Mwanawe alipata jina lake tu likirudiwa. Ndugu yangu, kama Daudi alikaukiwa hivyo, wewe unashangaa nini rangi zikikukataa? Hujanyang'anywa kipaji wala hujalaaniwa. Umefiwa na mtoto.

Na wale waliopelekwa mateka Babeli, walipotakiwa waimbe, walivitundika vinubi vyao kwenye miti, wakauliza watauimbaje wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni (Zaburi 137). Walivitundika, hawakuvivunja. Anayetundika kinubi anakiri kwamba leo hawezi, kesho hajaifunga. Mke wako alipoficha brashi alifanya hivyohivyo, tena wakati ndugu zake mwenyewe ndio walioleta shutuma nyumbani, na msiba ni wake kama ulivyo wako. Umeshamshukuru? Barua yako yote inamtaja mara mbili tu, na nilipoisoma nilijiuliza nani anamfariji yeye.

Kwa hiyo usitupe brashi, na usijilazimishe pia. Mwombe mke wako azitoe. Kama zimekauka na rangi, ziloweke, uzioshe mpaka nywele zilainike. Chukua gunia la unga, lifue, lipigilie kwenye mbao, lipake ile rangi nyeupe ya kwanza, uliache likauke ukutani. Siku hiyo usichore chochote. Ukilipaka, sema Baba Yetu moja, na ukishindwa kuimaliza, ishie ulipofika. Paulo anasema kwamba hatujui kuomba inavyotupasa, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikotamkika (Waroma 8:26). Kukaa mbele ya gunia jeupe huku maneno yamekwisha ni kusali, nami nakuthibitishia hilo kama padri. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila neno la faraja mwishoni, na Kanisa linaisali hata leo.

Uso wa mtoto. Mchore, siku utakayoweza. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 787, uliokutana kwa ajili ya ugomvi wa picha, ulifundisha kwamba heshima inayotolewa kwa picha humwendea yule aliyechorwa. Tunaweza kumchora Kristo kwa sababu Mungu alikubali kuwa na uso wa mtu, na tangu hapo hakuna uso wa mtu unaopaswa kuogopwa. Na juu ya kivuli: binti yako alibatizwa, akafa akiwa na miaka sita, kabla ya kufikia umri wa kupambanua mema na mabaya. Juu ya mtoto kama huyo Kanisa halina shaka. Yuko kwa Mungu. Hatangitangi, hana njaa, wala hakuna rangi inayoweza kumwondoa alipo. Nakuomba mambo mawili tu: mwulize kwanza mama yake kama anaweza kuishi na uso huo ukutani, na picha ikishakuwepo, usiifanye mahali pa kuuliza mambo au kuweka chakula. Iwe ya kumkumbuka na kumshukuru Mungu kwa miaka ile sita. Mchore na vidole vyake vya buluu. Bwana mfufuka alimwonyesha Tomaso alama za misumari. Mwili wake wa utukufu haukufuta yaliyompata duniani, basi nawe usimfute mtoto wako ili aonekane malaika asiye na jina.

Imebaki avansi. Hiyo ni haki ya mteja, usiikalie kimya. Mwendee, umwambie msiba uliokupata, umwulize picha aliitaka ya nini. Ukiona ni pambo tu na dhamiri yako imetulia, mwombe muda. Ukiona vingine, au ukiona moyo wako hauwezi tena kuchora ile picha, mpe chaguo la picha nyingine, na akikataa mrudishie pesa yake. Kama uliitumia kwenye mazishi, mlipe kidogo kidogo. Wengi wakielezwa ukweli huelewa.

Na yule mtu wa maombi usigombane naye. Wajomba ndio nawataka. Waambie nimeomba tukae nyumbani kwenu kabla ya Novemba, wao, wewe na mke wako, ili lile neno lililosemwa mbele ya watu likanushwe mbele ya watu. Kisha tarehe 1 Novemba, Misa ya Watakatifu Wote, njooni pamoja. Wengi huja siku ya pili, ya Marehemu Wote, nanyi mkija na siku hiyo ni vizuri. Lakini ile ya kwanza ni ya binti yenu.