Asilimia 14 kwenye simuleta: kwa nini msimamizi hajaridhika

SWALI: Habari za kazi. Niko mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili katika maabara ya usanifu wa kompyuta. Nimebuni kanuni mpya ya kuamua mstari upi (kipande cha data) uondolewe kache ya L3, kumbukumbu ndogo ya haraka ya ngazi ya tatu ndani ya kichakataji, inapojaa. Kache ni ya MB 2, njia 16 (yaani imegawanywa kwa seti, kila seti ina nafasi ya mistari 16), mistari ya baiti 64. Kila mstari nimeuongezea alama ya biti 16 inayotokana na anwani ya amri iliyouleta, pamoja na kaunta ya biti 8. Nimetumia simuleta ya gem5 na programu 5 za SPEC CPU 2017, mkusanyiko wa programu za kupimia vichakataji, kila moja amri milioni 100 za mwanzo. Naishinda kwa kasi LRU, kanuni inayoondoa mstari uliokaa muda mrefu zaidi bila kutumiwa, kwa asilimia 14. Msimamizi ameitazama grafu, akaniambia nianze upya. Nimekosea wapi? Na je, nihamie ChampSim, simuleta nyingine, maana gem5 inakwenda polepole mno?

JIBU: Wazo lenyewe huenda ni zuri. Kilichokataliwa ni namba, na ina matatizo manne ambayo ni afadhali uyatatue kwa mpangilio, kwa sababu kila moja linaweza kubatilisha kazi ya yanayofuata.

Anza na jambo la dakika tano. Fungua `config.ini` ndani ya folda ya `m5out`, ambamo gem5 huweka matokeo, uhakikishe kwamba mashine uliyoiiga ndiyo uliyoikusudia. Skripti ya zamani ya `se.py` hupokea chaguo la `l3_size` bila kulalamika ilhali haijengi L3 yoyote. Usipotaja aina ya kichakataji, inakupa `AtomicSimpleCPU`, ambayo hujibiwa na kumbukumbu papo hapo, hivyo ucheleweshaji wa kache hauingii kwenye hesabu ya muda. Wewe umeona tofauti ya muda, kwa hiyo pengine hukunaswa hapo. Angalia hata hivyo, na angalia pia kama kuna prifecha, yaani sehemu inayoleta data kwenye kache kabla haijaombwa. Kache za msingi za gem5 huja bila prifecha usipoiongeza, na kanuni nyingi zinazong'aa bila prifecha hufifia ikiwashwa, kwa kuwa mistari mingi iliyokuwa inaokolewa ingeletwa mapema vilevile.

Sasa tuje kwenye amri milioni 100 za mwanzo. Hapo ndipo penye kasoro kubwa. Mwanzoni programu husoma faili, hutenga kumbukumbu na kujaza majedwali. Kazi yake halisi bado. Isitoshe, kache yako ilikuwa tupu. MB 2 ukigawanya kwa baiti 64 unapata mistari 32,768, katika seti 2,048. Mpaka seti ijae hakuna kinachoondolewa, na kanuni yako haina la kuamua. Mara 32,768 za kukosa data ndani ya amri milioni 100 ni takriban mara 0.33 kwa kila amri elfu. Kwa programu ambayo kwa kawaida hukosa mara 1 kwa kila amri elfu, theluthi ya unachopima ni kujaza kache tu.

Dawa yake ni SimPoint, mbinu iliyotolewa mwaka 2002, inayochagua vipande vichache vinavyowakilisha programu nzima. Endesha programu chini ya Valgrind, mfumo wa kuchunguza programu zinapoendeshwa, kwa zana ya `exp-bbv`, vipande vya amri milioni 100. Ipe SimPoint faili inayotoka, weka `maxK` (kikomo cha idadi ya vipande) 30, nayo itakurudishia vipande na uzito wa kila kimoja. Kisha tengeneza chekipointi (hali ya mashine iliyohifadhiwa) kabla ya kila kipande, ukiacha nafasi ya kupasha kache moto, yaani kuijaza kabla ya kuanza kupima. Chekipointi ya kache za kawaida za gem5 haihifadhi yaliyomo kwenye kache. Ukiirejesha unaanza na kache tupu. Amri milioni 50 za kupasha moto zinatosha kwa programu inayokosa mara 10 kwa kila elfu: hiyo ni mistari 500,000, inaijaza kache mara kumi na tano. Kwa programu inayokosa mara 0.5 kwa elfu ni mistari 25,000 tu, kache haijajaa. Usichague namba moja kwa programu zote bila kuangalia.

Kwenye kujumlisha vipande kuna mtego unaowanasa hata wakongwe. Uzito wa SimPoint ni wa amri, kwa hiyo unazidishwa na mizunguko kwa amri (CPI), kamwe si na amri kwa mzunguko (IPC). Chukua vipande viwili: kimoja kina uzito 0.6 na IPC 2.0, kingine uzito 0.4 na IPC 0.5. Ukizidisha IPC moja kwa moja unapata 1.4. Kwa CPI ni 0.6 × 0.5 + 0.4 × 2.0 = 1.1, yaani IPC ya 0.91. Tofauti hiyo inaimeza asilimia 14 yako na kubakiza chenji. Na kama `stats.txt` ina sehemu mbili, ya kupasha moto na ya kupima, hakikisha skripti yako inasoma ya pili. Nyingi husoma ya kwanza zikaishia hapo.

Tatizo la tatu ni unayejilinganisha naye. Tangu zilipotoka kanuni mpya za kuondoa mistari, DRRIP 2010, SHiP 2011 na Hawkeye 2016, kuishinda LRU si habari tena. Tena alama yako ya anwani ya amri iko karibu mno na SHiP. Swali la kwanza la mhakiki yeyote litakuwa wewe umeongeza nini. gem5 ina RRIP (familia ya DRRIP) na SHiP tayari, basi zipime kwenye mashine ileile. Na hizo programu 5 zilichaguliwaje? Endesha zote za kundi ulilochagua, kwa mfano 23 za `rate`, kisha onyesha wastani wa zote na, kando, wa zile zinazokosa zaidi ya mara 1 kwa kila amri elfu. Kasi ya kila programu igawanywe kwa kasi yake chini ya LRU, halafu wastani uwe wa kijiometri. Panga grafu kuanzia iliyoumia zaidi hadi iliyonufaika zaidi. Zilizoumia ndizo zitakazokufundisha jinsi kanuni yako inavyofanya kazi.

La nne ni gharama, ambayo swali lako limeitaja bila kuihesabu. Biti 24 kwa mistari 32,768 ni biti 786,432, yaani KB 96, karibu asilimia 4.7 ya kache yenyewe. Mhakiki atakuuliza: kwa nini nisiipe LRU nafasi hiyo ikawa kache kubwa zaidi? Jibu lake liwe ndani ya grafu: pima LRU yenye njia 17, ambayo ni KB 128 zaidi. Ukiishinda na hiyo, una hoja. Njia bora ni kupunguza: weka alama na kaunta kwenye seti 64 tu za mfano kati ya 2,048. Hiyo ni mistari 1,024, biti 24,576, KB 3. Seti nyingine zitabaki na biti 2 za RRIP kwa mstari, KB 8 kwa jumla, huku zikifuata jedwali linalofundishwa na zile 64. Usisahau kueleza anwani ya amri inafikaje L3. Kwenye simuleta ni kigezo kimoja cha funksheni. Kwenye silikoni ni waya unaopita L1 na L2.

Kuhusu kurudia majaribio: gem5 kwenye programu ya uzi mmoja hutoa jibu lilelile kila mara, hivyo wastani wa marudio matatu hauonyeshi chochote. Kwa programu za nyuzi nyingi, ongeza ucheleweshaji mdogo wa kubahatisha kwenye kumbukumbu, badilisha mbegu ya namba za kubahatisha, kisha uonyeshe mtawanyiko.

Sasa kasi. Kichakataji cha O3 cha gem5, kinachoiga kwa kina utekelezaji wa amri nje ya mpangilio, huenda kwa amri laki moja hadi tatu hivi kwa sekunde. Kwa laki mbili, programu ya amri trilioni moja ingechukua siku 58. Kipande kimoja cha SimPoint pamoja na kupasha moto, amri milioni 150, ni kama dakika 12 na nusu. Vipande havitegemeani, vipeleke Slurm, mfumo wa kugawa kazi kwenye kompyuta za pamoja, kama kazi za safu, usiviendeshe kwenye seva ya kuingilia ambayo wenzako wanaitumia. Kila jaribio liwe na folda yake yenye `config.ini`, namba ya komiti ya Git (toleo la msimbo) na amri kamili uliyoandika kwenye terminali kuendesha gem5. Miezi mitano baadaye mhakiki akiomba ubadilishe ukubwa wa L2, utajua pa kuanzia.

ChampSim, basi. Kwa kanuni ya kuondoa mistari ningekushauri uitumie kwa utafutaji: ina kasi, husoma rekodi za amri zilizotengenezwa tayari, na matoleo yake ndiyo yaliyotumika kwenye mashindano ya kanuni za kache, hivyo walinganishwa wako wengi wana msimbo humo. Udhaifu wake ni kwamba rekodi haina amri za njia isiyo sahihi, zile ambazo kichakataji huzianza kwa kukisia tawi vibaya na ambazo nazo huchafua kache. Chuja matoleo ya kanuni yako kwenye ChampSim, kisha mawili yatakayosalia yapeleke gem5 kuthibitisha. Namba za simuleta hizi mbili zisikae kwenye grafu moja.

Kwenye kikao kijacho na msimamizi wako peleka grafu moja tu: programu zote, LRU ya njia 17, SHiP na kanuni yako, prifecha ikiwa imewashwa. Hata ikishuka kuwa asilimia 2, hiyo 2 mnaweza kuijadili.