Barua kwa mwanangu: kodi si faida

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na swali pia: hiyo shilingi milioni 7 ununulie fleti Nyali, au ujenge bedsita 10 (vyumba kimoja-kimoja vya kupangisha) Mtopanga, zote humu Mombasa?

Muangalie mpangaji kwanza, jengo baadaye. Mpangaji wa Mombasa hupima nauli na maji. Wa bandarini hutaka Changamwe au Mikindani, wa hoteli hutaka Bamburi na Mtopanga, mwanafunzi wa chuo cha ufundi hutaka Tudor. Kazi yao ikiyumba, kodi yako huyumba nayo. Masika ya Aprili hadi Juni hoteli hupunguza watu, na hapo ndipo bedsita za Mtopanga huanza kusikia "nivumilie hadi mwisho wa mwezi". Kwa hiyo usijaze jengo zima wafanyakazi wa hoteli. Changanya na walimu, wauza duka, wa bodaboda.

Maji ndiyo huhamisha watu. Ya mfereji hayatoki kila siku, na ya kisima mara nyingi yana chumvi: ya kuogea sawa, ya chai hapana. Vyumba 10 vyenye watu 20, lita 50 kwa kila mtu, ni lita 1,000 kwa siku. Tangi la lita 10,000 lakupa siku kumi. Ukiweka la 3,000 kwa kubana pesa, utanunua maji ya lori kila wiki, na faida itaishia humo.

Sasa hesabu, kwa mfano tu. Fleti kwa 40,000 kwa mwezi huleta 480,000 kwa mwaka. Toa mwezi mmoja mtupu, ada ya jengo 5,000 kila mwezi, ukarabati 30,000, na ushuru wa kodi ya nyumba, asilimia 7.5 ya unachopokea kabla ya gharama (hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata). Hubaki 317,000, yaani asilimia 4.5 ya ile milioni 7.

Bedsita 10 kwa 7,000 kila moja kwa mwezi ni 840,000 kwa mwaka. Toa asilimia 10 ya vyumba vitupu, msimamizi 144,000, maji, taa za ngazi na gari la kunyonya choo 80,000, ukarabati 90,000, ushuru 56,700. Hubaki 385,300, asilimia 5.5. Zinashinda, lakini kwa kichwa kuuma, na ukarabati usiupunguze: upepo wa chumvi hula vyuma vya madirisha na mabati haraka.

Ukikopa kwa riba ya asilimia 14, hakuna hata moja itakayojilipia riba. Wanaosema kodi italipa mkopo ni madalali, nao wana haki ya kula.

Ardhi nayo. Mombasa kuna nyumba bila ardhi: kuta zako, kiwanja cha mwingine, na unalipa kodi ya ardhi. Bei yake huvutia, ila kuikopea benki ni kazi, na mwenye ardhi akiuza ndipo matata. Fanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi ya arubuni.

Kabla ya kuamua, pita mtaa huo saa mbili usiku, katikati ya wiki, mwezi wa Mei. Hesabu madirisha yenye taa katika majengo matatu ya jirani, kisha muulize mwenye duka la chini vyumba vimekaa vitupu miezi mingapi. Weka idadi hiyo badala ya ile asilimia 10 yangu, upige hesabu upya.

Babako