Kompyuta mpakato inayochelewa kuwaka

Ndugu yangu, umeeleza kwamba kompyuta mpakato yako ya Windows 10, uliyoinunua ikiwa imetumika, huchukua dakika 7 kuwaka, na fundi wa hapo Dodoma amekushauri uongeze RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hutumia inapofanya kazi. Nakusihi usitoe fedha hiyo kwanza.

Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, ufungue ukurasa wa Startup kwenye dirisha la Task Manager litakalotokea, kisha uzime programu zinazojiwasha zenyewe pasipo wewe kuzihitaji, ila usiguse ile ya kinga dhidi ya virusi. Kuzima huko hakufuti programu. Utaifungua mwenyewe siku ukiitaka.

Halafu nenda ukurasa wa Performance na uitazame diski mara tu baada ya kompyuta kuwaka. Ikiandikwa HDD na ikabaki kwenye asilimia 100 kwa dakika kadhaa, tatizo ni hilo: diski ya aina hiyo ina sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na kichwa chake cha kusomea hulazimika kusogea huku na huko kukusanya maelfu ya mafaili madogo, ilhali SSD, yaani diski ya kielektroniki, haina kiungo chochote kinachozunguka. Kwa maoni yangu, SSD ya GB 256 itakufaa kuliko RAM, isipokuwa RAM uliyonayo iwe chini ya GB 4.

Fundi atakapoifungua, mwombe aisafishe pia feni, maana vumbi letu la kiangazi huiziba, joto likapanda na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ikajipunguzia kasi. Kabla hujampelekea, nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje.